Matete ya Kilwa na Klarineti ya Papa Mwansa

Klarineti ya kwanza niliyoiona maishani mwangu ilikuwa imelala vipande vipande juu ya kitambaa cheupe, kivulini, uani kwa jirani yetu. Nilikuwa msichana wa shule ya msingi, nimetumwa kuomba chumvi. Jirani huyo aliitwa Papa Mwansa. Alikuwa mpiga klarineti katika fanfari ya kampuni ya shaba, wale watu wa kofia na vifungo vinavyong'aa waliopiga muziki wageni walipofika na wazee wa kazi walipozikwa. Nilisahau chumvi. Nilichuchumaa mbele ya vile vyuma na vile vijiti vyeusi nikauliza:

"Papa, hii iko bomba ya maji?"

Hakucheka. Aliokota kipande kimoja, akaniangalia kupitia tundu lake kama mtu anayechungulia darubini.

"Iko bomba ya pumuzi," akasema. "Maji ikiingia, ni kosa ya mwenye kupuliza."

Ninyi vijana mnaokuja kwangu hapa Ruashi, pembeni mwa Lubumbashi, na masanduku yenu mgongoni, mkipangusa vumbi la malori ya mgodi kabla ya kugonga lango, huwa mnaniuliza nilianzaje. Nikijibu kwa mdomo nachanganya mambo, kwa kuwa kila jambo linaniita kwenye jingine. Kwa hiyo nimeamua kuandika, ingawa najua hata kwa kalamu nitaruka huku na huku. Sasa sipigi tena mbele ya watu, na nafundisha pale tu mgongo unapokubali. Lakini maswali bado ninayo mengi kuliko ninyi.

Papa Mwansa hakuniruhusu kushika klarineti nzima kwa muda mrefu. Alinipa kinywa chake tu, kile kipande cha juu kilichochongoka kama mdomo wa bata, akaniambia nitoe sauti moja isiyopanda wala kushuka. Mbuzi wa mtaa walikuwa wananijibu. Siku moja mama yangu alikuja mpaka kwenye ukuta, akauliza kwa adabu:

"Ba Mwansa, mutoto anaumwa?"

"Hapana, mama. Anajifunza."

"Anajifunza kuumwa?"

Baadaye Papa Mwansa akaweka kipande cha karatasi ukutani, akataka nikishikilie pale kwa pumzi peke yake, bila mkono. Kikianguka, naanza upya. Jaribuni hilo leo nyumbani. Mtaona kwamba mapafu hayachoki, linalochoka ni tumbo. Pumzi ya klarineti inashikwa chini, pale mwanamke anapofunga kitenge. Mwenye kuishika shingoni atapiga kama mtu anayekabwa.

Mama alihofu kwamba midomo yangu itakakamaa na nitakosa mume. Mume nilimpata. Alikuwa mpangaji wa nyumba ya tatu, na alikuja kuuliza yule ndege anayelia kila asubuhi ni wa aina gani.

Kuna mambo ambayo vitabu vyenu haviandiki, kwa sababu waliovitunga hawakuwahi kukaa Lubumbashi mwezi wa saba. Msimu wa baridi kavu ukifika, asubuhi midomo inapasuka, na mti wa klarineti nao unapasuka. Usiipulize klarineti iliyolala kwenye baridi. Iweke kwanza chini ya koti, kwapani, kama mtoto mchanga, mpaka ipate joto la mwili wako. Ndani ya sanduku weka ganda la chungwa, liwe linaipa unyevu kidogo kidogo. Lakini ukumbuke kulitoa. Mimi niliwahi kulisahau, nikafungua sanduku nikakuta ukungu wa kijani umeota kama bustani.

Na viungo vyake, vile vilivyovishwa gome laini kama la kizibo cha divai, vinataka kupakwa mafuta ili viingiane bila kukwaruzana. Nilipokosa mafuta yake maalumu nikaona mawese yanatosha. Mawese si mafuta? Jumapili iliyofuata, kanisani tulikopiga pamoja, wakati wa matoleo, nikiwa natoa sauti ndefu na nzuri kabisa, sisimizi wakaanza kutoka kwenye matundu, mmoja mmoja, kisha familia nzima. Wengine walipanda vidoleni, wengine wakaenda kwenye karatasi ya noti za muziki wakatembea juu ya mistari. Papa Mwansa aliyekaa kando yangu aliendelea kupiga huku akiwapuliza pembeni. Tulipotoka nje akasema tu: "Nta ya nyuki, mama. Hiyo hailiwi na sisimizi." Tangu hapo natumia nta, na sijawahi kujuta.

Muziki ule wa fanfari ulikwisha kampuni ilipodhoofika. Wapigaji walitawanyika, wengine wakalima, wengine wakauza simenti. Papa Mwansa alibaki na klarineti yake. Mimi nikawa mwalimu wa shule, na jioni za Jumatano tulikwenda pamoja mjini, kwenye ukumbi wa parokia ambako mwalimu Crispin, mtu wa Kananga aliyesomea muziki Kinshasa, alikuwa amekusanya orkesta ndogo. Tulikuwa na mfamasia mwenye fidla, mtawa mpiga selo, ile fidla kubwa inayosimama kati ya magoti, walimu wengi, na ngoma zilizoazimwa. Papa Mwansa alikuwa klarineti ya kwanza, mimi ya pili.

Crispin alikuwa mtu wa kupenda kujua, kama mimi. Siku moja, katika mapumziko, alituambia mti wa klarineti ni mpingo, na mpingo unaota huku kwetu Afrika, hata katika misitu ya upande wa Tanzania na Msumbiji. Unakatwa, unasafirishwa mbali, unatobolewa, unavishwa vyuma, kisha unarudi. Papa Mwansa, ambaye maisha yake yote aliamini kwamba ameshika mti wa Ulaya, aligeuza klarineti yake, akainusa.

"Kumbe alienda kusoma Bulaya," akasema, "akarudi na diploma."

Tulicheka wote, lakini niliporudi nyumbani sikulala mapema. Si kwa sababu nyingine, nilikuwa nawaza tu. Kama mti ni wa huku, je, vile vingine?

Hapo lazima nieleze anshi, kwa sababu mambo yote yaliyofuata yanatoka kwake. Anshi ni kile kipande chembamba cha tete kinachofungwa kwenye kinywa cha klarineti. Ndicho kinachotetemeka, ndicho sauti yenyewe. Klarineti bila anshi ni mwiko wa ugali wenye mapambo. Na anshi haidumu. Inalowana mate, inachoka, ncha yake inakatika kwa kugusa jino. Mpiga klarineti anatumia anshi kama mwanafunzi anavyotumia kalamu.

Siku hizi mnafungua simu, mnaagiza, hata zile za plastiki ambazo hazichoki haraka. Siwalaumu, mimi mwenyewe ninayo moja ya plastiki, inanifaa siku za baridi. Lakini miaka ile duka lililokuwa linauza vyombo vya muziki mjini lilikuwa limefungwa, na anshi zilikuja tu kama kuna padri au mgeni anayerudi kutoka Ulaya na akakumbuka. Mara nyingi hawakukumbuka.

Wakati huohuo Crispin alipata karatasi za konseto ya klarineti. Konseto ni muziki ambao mtu mmoja anasimama mbele na chombo chake, na orkesta nzima inazungumza naye. Aliziweka mbele ya Papa Mwansa. Mzee alizisoma kuanzia juu mpaka chini, midomo ikitembea. Alikuwa amepiga nyimbo za gwaride katika fanfari maisha yote, katikati ya matarumbeta, ambapo hakuna anayekusikia. Hakuwahi kusimama mbele.

"Meno yangu mbili ya mbele inatikisika," aliniambia tukirudi kwa miguu. "Klarineti inashikwa na meno, Béa. Tukifanya, tufanye sasa. Haitangoja."

Tukaanza mazoezi. Nami nawaambia, sehemu ya pili ya konseto ile, ile ya polepole, alipoipiga mara ya kwanza mtawa wa selo aliacha upinde hewani akasahau kuingia. Tatizo ni kwamba sisi wawili tulibaki na anshi moja tu nzuri, ya Papa Mwansa, na hiyo moja ilikuwa inakufa. Aliikata ncha, akaikwangua kwa wembe, akailoweka, akailaza kwenye kioo ikauke ikiwa imenyooka. Kila wiki ilitoa sauti nyembamba zaidi. Jumatano moja ilimkatalia kabisa: alipuliza, ukatoka upepo mtupu. Alitoa anshi, akaiangalia, akafungua vipande vyake kimoja kimoja, akavipangusa, akafunga sanduku.

"Crispin, tafuta muntu mwingine."

Hakurudi wiki iliyofuata, wala nyingine. Nilikwenda kumwona. Sanduku lilikuwa juu ya kabati, limefunikwa kitambaa cha mezani. Alikuwa amekaa karibu na redio asiyoisikiliza.

"Anshi iko kwisha, kazi iko kwisha," akasema. "Ni vile tu."

"Lakini Papa, anshi njo nini? Si tete?"

"Tete."

"Tete ya wapi?"

"Ya Bulaya."

"Na matete ya kwetu iko na kosa gani?"

Alinigeukia kwa hasira ambayo sikuwahi kuiona. "Matete ya huku njo ya kukausha samaki na kuzungushia choo. Usinichezee, Béa. Kama iliwezekana, wazee wa fanfari walifanya zamani. Walikuwa wajinga, bo wote?"

Nilitaka kujua tu, na kutaka kujua si jibu. Lakini niliondoka na swali langu mkononi kama mtu anayetembea na kuku: huwezi kuliweka chini, litakukimbia.

Likizo ya shule ilipofika, dada yangu mkubwa, Yaya Foni, aliyeolewa huko Kilwa, kwenye ufuko wa ziwa Mweru, alikuwa anamwoza binti yake. Nikapata nafasi kwenye lori la Kasereka, mfanyabiashara wa Butembo aliyepeleka sabuni na sukari ziwani na kurudi na samaki wakavu. Kasereka alikuwa Mkristo wa kusali kabla ya kila daraja, na barabara ile ilikuwa na madaraja ya kumfanya mtu awe mtakatifu. Kati ya sala na sala alinihoji.

"Mama, unasema hicho kipande kinatetemeka mara nyingi vile, na hakivunjiki?"

"Kinavunjika."

"Basi kwa nini wasiweke chuma?"

Nilimwambia sijui. Tukabishana juu ya chuma na tete mpaka lori likazama kwenye matope, na hata tulipokuwa tunasukuma aliendelea kuuliza.

Kilwa nilikuta matete mengi kuliko watu. Nilitembea ufukoni nikikata moja hapa, moja pale. Yote yalikuwa membamba, ukuta wake mwepesi, ukibonyeza yanapasuka kama ganda la karanga. Yaya Foni alinifuata amejishika kiuno.

"Unatoka mujini kuja kutafuta matete? Mujini banakosa choo?"

Nilimweleza. Nikamwonyesha anshi ya zamani niliyokuja nayo kama mfano. Aliigeuza, akaipitisha kwenye ulimi, akaikuna kwa kucha, halafu akasema, "Hii haikutoka kwa matete ya maji. Hii iko na nyama. Njoo."

Alinipeleka nyuma ya ukuta wa zamani wa mesheni, mahali ambapo mfereji unamwaga maji yake. Pale palikuwa na kichaka cha matete marefu kuliko nyumba, manene kama dole gumba la mwanaume, na ukuta mnene. Watu waliyatumia kwa chanja za samaki kwa kuwa hayapindi. Niliuliza kila mtu nani aliyapanda. Mzee mmoja akasema mapadri wa kwanza, mwingine akasema yalikuwepo kabla ya mapadri, na bibi mmoja akasema yalikuja yenyewe na mafuriko. Kama ni jamaa wa yale ya Ulaya yaliyokuja na mtu fulani, au ni wenyeji, mpaka leo sijui. Nimewahi kuwauliza watu wa chuo kikuu, wakaniomba niwaletee majani na maua. Nilipeleka majani. Maua sijayakuta bado.

Nilikata mzigo mzima, nikarudi nao Lubumbashi juu ya samaki wa Kasereka.

Kuchonga anshi kwa mara ya kwanza ni kama kujifunza kunyoa mtu kwa kumnyoa askofu. Unapasua tete katika vipande vinne, unasawazisha tumbo lake juu ya kioo na msasa laini mpaka libaki bapa kabisa, kisha unakwangua mgongo kuelekea ncha, kidogo, kidogo, mpaka ukiishika kwenye mwanga unaona moyo wake: giza katikati, na mwanga ukizidi kuelekea kingo. Ukikwangua mara moja zaidi ya inavyotakiwa, umemaliza. Nilimaliza nyingi. Zile zilizosalia nilizifunga kwenye klarineti nikapuliza, nikapata sauti ya bata aliyekanyagwa. Tete lilikuwa bichi. Lilinyonya mate, likavimba, likajikunja. Mume wangu alichungulia mlangoni.

"Leo ndege eko mugonjwa," akasema, akaondoka.

Nikamtumia Yaya Foni salamu kwa Kasereka: nitafutie mengine, yaliyokomaa. Lakini mvua zilikuwa zimeanza, mfereji wa mesheni ulifurika, na hakuna aliyeweza kuingia kichakani. Dada yangu si mtu wa kukubali kushindwa na maji. Alikwenda uani kwake, akavunja chanja yake ya zamani ya kukaushia samaki, ambayo alitaka kuibadilisha hata hivyo, akafunga matete yake kwa kamba, akampa Kasereka.

"Yaya wako anasema usidharau," Kasereka aliniambia akishusha mzigo. "Ndiyo yaliyopatikana."

Matete yalikuwa ya rangi ya asali, mengine meusi kwa moshi. Yalikuwa yamekaa juani na juu ya moto mdogo miaka na miaka. Nilipolipasua la kwanza lilitoa mlio mkavu, tak. Yale mabichi hayakuwa yametoa mlio huo. Nilichonga moja bila haraka, asubuhi nzima. Nikalilowesha, nikalifunga, nikapuliza.

Ilikuwa sauti. Haikuwa sauti ya anshi za dukani, ilikuwa nzito zaidi, yenye giza kidogo chini, na ilichelewa kuanza kama mtu anayekohoa kwanza ndipo aongee. Lakini ilikuwa sauti ya klarineti, na nilipiga ngazi yote ya noti kutoka chini mpaka juu nikiwa nimesimama katikati ya chumba na viatu vya ndani.

Nilichonga kadhaa, nikachagua iliyo bora, nikaenda kwa Papa Mwansa. Niliteremsha sanduku kutoka juu ya kabati, nikaunganisha vipande, nikafunga anshi, nikampa. Aliipokea kama mtu anayepewa mtoto wa wageni. Akaileta karibu na pua.

"Inanuka samaki."

"Ndiyo, Papa."

"Béa, nimekuambia—"

"Piga kwanza. Halafu unikaripie."

Alilowesha anshi kwa muda mrefu, macho yakiwa dirishani. Akapuliza sauti moja, ile ndefu aliyonifundisha nikiwa mtoto. Akaiacha ikafika mwisho wake.

"Iko chini," akasema. Alimaanisha imeshuka kidogo kuliko inavyotakiwa. Akasukuma kinywa ndani kidogo, akapuliza tena. Akapiga nyingine, na nyingine, halafu bila kuniangalia akaingia kwenye sehemu ya pili ya konseto, ile ya polepole, akaipiga yote kwa kichwa, huku redio ikiendelea kusoma habari. Nilikaa kwenye kiti cha mlangoni. Alipomaliza nilinyoosha mkono nirudishe klarineti kwenye sanduku. Hakunipa.

Onyesho lilifanyika Jumapili mchana, kwenye ukumbi wa teatri mjini. Papa Mwansa alivaa suti yake ya harusi, ambayo ilikuwa imekua kumzidi. Kwa kuwa anshi za Kilwa zilikuwa bado na tabia ya kuchoka ghafla, tulikubaliana nikae nyuma yake nikiwa na ya akiba mdomoni, ili iwe imelowa tayari. Kwa hiyo nilisikiliza konseto yote nikinyonya tete lenye ladha ya moshi, siwezi kusema wala kukohoa. Mama mmoja wa mstari wa mbele alinihurumia, akanionyesha kwa ishara kwamba anaweza kunipa peremende.

Sehemu ya kwanza ilikwenda. Ya pili siwezi kuiandika. Niliwaona watu waliokuja kwa kualikwa tu wakiacha kujipepea. Katika ya tatu, ile ya kasi, nikasikia anshi yake inalegea: sauti za juu zikaanza kuteleza. Ikafika mahali ambapo fidla zinazungumza zenyewe tu kwa muda mfupi. Papa Mwansa alinigeukia, akanyoosha kiganja. Nikaitoa mdomoni nikampa. Vidole vyake vilihangaika na skrubu za pete inayoshika anshi. Crispin alimwona, akapunguza mwendo wa fidla kidogo, kidogo tena, mpaka mfamasia akamkodolea macho. Papa Mwansa akaingia kwa wakati. Na noti yake ya kwanza ililia kama breki za baiskeli.

Ukumbi mzima ulisikia. Watoto walicheka. Nilifumba macho. Lakini yeye hakusimama. Alirudia kilio kilekile noti moja juu, kwa makusudi, kana kwamba kiliandikwa, kisha akateremka nacho kwa mbio mpaka kwenye njia yake, na Crispin akacheka huku akiongoza. Wakamaliza pamoja.

Makofi yalipoisha, nilimwuliza nyuma ya pazia kama ameumia moyo kwa kile kilio.

"Ile?" akasema, akijipangusa jasho. "Ile njo nilipenda kujua: imetoka wapi?"

Nilidhani anatania. Wiki ileile alikwenda kwa Kasereka kuomba nafasi ya kwenda Kilwa. Mzee ambaye hakupenda hata kwenda sokoni. Alikaa huko msimu mzima wa kiangazi. Yaya Foni alinitumia salamu kwa Kasereka kila safari akilalamika. "Mutu wako ananivunjia chanja zote. Anasimama mu jua, anagonga matete na kucha, anasikiliza. Anauliza bavuvi moshi ya muti gani inakausha muzuri. Ananiuliza maswali kama mutoto. Na anakula mingi." Lakini siku aliyoondoka, dada yangu alimfungia mzigo mwenyewe, na akalia kidogo.

Lori la Kasereka lilimshusha asubuhi. Lilipita nyumba yake, likaja mpaka kwangu. Nilikuwa nimeweka maharage motoni. Papa Mwansa aliingia na vumbi la barabara kwenye nyusi, akaweka mzigo wa matete sakafuni, akatoa mfukoni anshi aliyoichonga mwenyewe huko ziwani, na kuiweka juu ya meza kando ya moja ya kwangu. Halafu akavuta kiti kidogo, kile cha chini ambacho wanafunzi wangu wanakalia, akakaa.

"Tete ni moja," akasema. "Kisu ni moja. Ya kwako inaimba, ya kwangu inakohoa. Nionyeshe, mama. Anza mwanzo kabisa, kama mimi sijui kitu."

Nilitafuta uso wake kuona kama ananidhihaki. Alikuwa ameshaweka miwani.

Nikachukua tete, nikalipasua, nikamwonyesha. Akachonga, nikamsahihisha kiwiko. Akauliza kwa nini, nikajibu, akauliza tena kwa nini jibu langu liwe kweli, tukajaribu njia yake, ikakohoa, tukajaribu yangu, nayo ikakohoa, tukainamia kile kipande vichwa vikigusana, kila mmoja akitaka kukiona kwenye mwanga kabla ya mwenzake. Maharage yaliungua mpaka jirani akaja kugonga mlango, na hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amesikia harufu.